Kidole Chini ya Blanketi

Musimbi alipofika kwenye ofisi za kampuni ya ambulensi pale Kawangware, mashine ilikuwa imeshashtakiwa, imehukumiwa na kufungwa. Ilikuwa imelala juu ya meza ya meneja, imezungushiwa utepe wa gundi kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kando yake, ndani ya kikombe cha chai, kulikuwa na kipande chembamba cha chuma. Meneja mwenyewe, Eugene, alikielekezea kalamu kama mtu anayeonyesha maiti.

"Hiyo ndiyo shida, Madam Musimbi. Imetoka ndani ya mashine. Tumeiokota sakafuni kwa gari."

Musimbi hakukigusa. Kwanza alitafuta kiti. Magoti yake yalikuwa yamemaliza utumishi wao zamani, enzi za doria, kabla hajaacha polisi na kutundika kibao chake cha mpelelezi wa kibinafsi juu ya duka la nyama. Tangu hapo kesi zake nyingi zilikuwa za waume waliopotea na kuku waliopatikana. Kesi ya mashine hakuwahi kupata.

"Anzia mwanzo," alisema. "Na unieleze kama mtu ambaye hajasomea udaktari."

Eugene alivuta pumzi. "Jana, Jumapili, kulikuwa na mashindano ya kwaya hapo uwanja wa kanisa. Mzee mmoja, landlord, anaitwa Muiruri, akaanguka jukwaani ameshika kifua. Tukaitwa. Sasa, siku hizi magari yetu yana hii mashine. Unatobolewa kidole, tone moja tu. Moyo ukiumia, kuna kitu unavujisha kwa damu. Mashine inakinusa hapo hapo, gari likiwa barabarani. Ikisema kiko chini, tunakupeleka pole pole, na hospitali unangoja laini kama wengine. Ikisema kiko juu, tunawasha king'ora na tunapigia madaktari wa moyo wavae glavu kabisa."

"Na jana ilisema?"

"Juu. Juu sana. Ililia mpaka dereva akadhani ni simu yake."

"Halafu?"

"Halafu hospitali wakampima upya. Mara ya kwanza, safi. Wakangoja, wakampima tena, safi. Picha ya moyo, safi. Daktari mkubwa amenipigia asubuhi akaniuliza kama tunapima watu ama tunapima betri za lori."

"Mashine si mbovu," ilisema sauti kutoka pembeni.

Aliyesema alikuwa Sabah Fadlalla, mhudumu wa ambulensi, msichana mzaliwa wa Kibera, mwenye yunifomu ya buluu na mtandio uliofungwa vizuri. Alikuwa amesimama kando ya kabati kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu, ila uso wake haukuwa wa mtoto aliyekosa.

"Kama si mashine, basi ni wewe," alisema Eugene. "Chagua moja. Madam Musimbi, jioni hii natoa hizi mashine kwa magari yote, na huyu anaenda nyumbani. Nakuhitaji tu uniandikie kwamba umechunguza."

"Nimeshachunguza?" aliuliza Musimbi.

"Unachunguza sasa."

"Basi nyamaza kidogo, nichunguze."

Aliuzungusha mwili mzima na kiti, akamkabili Sabah. "Niambie ulivyofanya. Hatua kwa hatua. Usiruke hata chafya."

Sabah alieleza. Walimkuta Muiruri amelala jukwaani, macho yamefumbwa, wanawake wenye majoho wamemzunguka, nusu zambarau, nusu kijani, wote wakilia kwa sauti nne. Walimpakia. Ndani ya gari mzee alilalamika kwamba mwanga unamuumiza, akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Sabah alimwambia atoe mkono.

"Mkono ukatoka," alisema Sabah. "Nikapangusa kidole, nikatoboa, nikakamua tone, nikaweka kwa mashine, nikafunga plasta."

"Alipiga kelele?"

"Hata hakutikisika. Nilimwambia, mzee, wewe ni simba."

"Ulifunga plasta gani?"

Kwa mara ya kwanza Sabah aliangalia chini. "Za watu wazima zilikuwa zimeisha. Niliomba zingine mwezi uliopita," alimtupia Eugene jicho. "Nikatumia za watoto. Zile za twiga."

"Na nyuma mlikuwa wangapi?"

"Mimi, mgonjwa, na ndugu yake. Yule ndugu aliruka ndani mlango ukifungwa. Mtu wa Mungu kweli. Aliketi hapo kwa kichwa cha mgonjwa akimwombea njia nzima. Akimaliza ombi moja ananiuliza kama niko na dawa ya kiungulia, akipata jibu anaanza ombi lingine."

"Hospitali alifika?"

"Hapana. Dereva alipitia njia ya Kibera kukwepa foleni. Gari liliposimama kidogo, ndugu alifungua mlango akashuka. Nilidhani anaenda kuita watu wa familia."

Musimbi alichukua kile chuma kutoka kikombeni. Kilikuwa chepesi, kimepinda kidogo, na mwisho wake kulikuwa na tundu dogo la kupitisha uzi. Alikinusa, akakipinda, akakiachia kikarudi. Kisha akakitia mkobani.

"Hiyo ni ushahidi!" alisema Eugene.

"Ndiyo maana naibeba." Aliinuka kwa hatua mbili, goti moja baada ya lingine, akaikumbatia ile mashine na utepe wake wote. "Na huyu mshtakiwa ninaenda naye. Sabah, twende tukamwone simba."

*

Simba alikuwa kitandani, wodi ya wanaume, amefumba macho. Upande wa kulia ameketi mke wake, Wagaki, na chupa ya supu. Upande wa kushoto ameketi mama yake mzazi, Waithira, na chupa ya uji. Hakuna aliyekuwa akimtazama mgonjwa. Walikuwa wakitazamana wao kwa wao juu ya tumbo lake, kama majirani juu ya ua.

Mlangoni Musimbi alimsimamisha muuguzi. "Samahani dada. Huyu mzee mlimtoa damu jana?"

Muuguzi alicheka bila furaha. "Huyu? Tulimshika watu wanne. Akiona sindano tu, analia kama ngamia. Askari wa mlango alikuja kusaidia, mzee akamuuma."

"Akamuuma?"

"Hapa." Muuguzi alionyesha mkono wake juu ya kiwiko. "Askari amechanjwa pepopunda."

Musimbi alimgeukia Sabah. Sabah alikuwa amefungua mdomo.

"Watu wanne," alisema Musimbi taratibu. "Na wewe ulimtoboa peke yako, gari likikimbia, na hakutikisika."

"Nilidhani mkono wangu ni mwepesi," alisema Sabah.

Musimbi aliingia, akawaomba mama na mke watoke kidogo. Walitoka pamoja kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake abaki nyuma, wakakwama mlangoni bega kwa bega, wakasukumana kwa heshima mpaka wakapita. Mlango ulipofungwa, Musimbi alivuta kiti mpaka kikagonga kitanda.

"Mzee Muiruri, habari ya moyo?"

"Mbaya," alisema Muiruri bila kufumbua macho. "Unapiga kama ngoma ya jeshi la wokovu."

"Pole. Nionyeshe mikono."

"Mikono inahusu nini na moyo?"

"Nionyeshe tu."

Mikono ilitoka. Ilikuwa minono, laini, ya mtu ambaye kwa miaka mingi hajashika chochote kizito kuliko funguo za vyumba vya kupangisha. Musimbi alikagua kidole kimoja kimoja, pande zote, kama mama anayenunua nyanya. Ndani ya kiwiko kulikuwa na pamba ya hospitali. Kwenye vidole hakukuwa na tobo, wala alama, wala doa.

"Twiga yuko wapi?" aliuliza.

Jicho moja la Muiruri lilifumbuka. "Twiga gani?"

"Jana mgonjwa wa ambulensi alifungwa plasta ya twiga. Wewe huna twiga. Na huna tobo. Basi wewe hukuwa mgonjwa wa ambulensi, ama hii si mikono uliyoazimwa na Mungu. Ni ipi?"

Jicho lilifumbwa. "Mimi ni mgonjwa, madam. Sistahili kuhojiwa."

"Sawa." Musimbi alianza kuinuka. "Acha niite mama na bibi yako waingie wakukande kifua. Nimeona wako tayari. Na nitawaambia daktari amesema umepona, kwa hivyo unaweza kutangaza kwaya iliyoshinda."

Mzee aliketi wima kwa kasi ambayo hakuna moyo mbovu ungeiruhusu.

"Madam! Tafadhali!" Alishusha sauti. "Wewe una bibi?"

"Sina."

"Basi huwezi kuelewa. Mke wangu anaongoza kwaya ya kijani. Mama yangu aliyenizaa anaongoza ya zambarau. Mimi ndiye jaji mkuu. Nilifikiri watanipa tu kofia na soda. Kumbe lazima useme jina! Mbele ya watu! Nilisimama na maikrofoni, nikatazama huku, nikatazama kule, nikaona hakuna nyumba nitakayolala mimi hapa duniani. Nikaanguka."

"Makusudi."

"Nilianza makusudi," alisema Muiruri kwa uaminifu. "Lakini nikigonga chini niliumia kweli."

Sabah alitoa sauti fulani, akaifunika kwa mtandio. Musimbi hakucheka. Alikuwa ameinama mbele.

"Na mkono uliotoka chini ya blanketi ulikuwa wa nani?"

Muiruri alikuna kidevu. "Wa yule ndugu."

"Ndugu yako?"

"Mimi simjui! Nilikuwa nimefumba macho. Nikasikia mtu anaruka ndani akisema, mimi ni ndugu yake. Nikajua ni wa kwaya ya mama. Halafu huyu msichana akasema sindano. Madam, mimi na sindano hatujawahi kupatana tangu chanjo ya shule. Nikapapasa nje ya blanketi, nikapata mkono wake, nikamnong'oneza: ndugu, niokoe, nitakufa. Akasema, haina shida mzee. Akaupitisha chini ya blanketi, ukatokea upande wa pili." Alitafakari. "Mtu mwema sana. Sijui hata jina."

"Alikuwa na nini?"

"Furushi. Vyuma vyuma na vitambaa. Lilinichoma mbavu kutoka Kawangware mpaka aliposhuka."

Musimbi alifungua mkoba, akatoa kile chuma chenye tundu. Muiruri alijishika ubavu kwa haraka, akakitambua kabla hajakitazama vizuri.

"Huu ni ubavu wa mwavuli," alisema Musimbi. "Eugene amefunga mashine nzima kwa sababu ya mwavuli."

Alipotazama juu alikuta Sabah ameegemea ukuta, uso umebadilika rangi. Walikuwa wamefikia jibu moja kwa njia mbili.

"Mashine haikukosea," alisema Sabah. "Ile damu ni ya mtu. Yuko na huo moyo sasa hivi. Na kiungulia..." Alijipiga paji la uso. "Alikuwa ananiambia! Njia nzima alikuwa ananiambia, nikamwambia anywe maji na apunguze maharagwe!"

"Mtu akiwa na namba kama hiyo anaweza kukaa muda gani?"

"Mwingine wiki. Mwingine hafiki kwa mlango."

Musimbi alikuwa ameshasimama, na safari hii magoti yote mawili yalikubali mara moja. Aliufungua mlango. Nje, mama na mke walikuwa wamesimama masikio yakiwa usawa wa kitasa.

"Amepona," aliwaambia akipita. "Yuko tayari kutangaza mshindi."

Nyuma yake, simba alilia kama ngamia.

*

Dereva wa ambulensi, Mwanzia, alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo aliyatumia kwa magari mengine. Alikumbuka vizuri aliposimama. Lori la mchanga lilikuwa limeziba njia kule Kibera, kati ya Kisumu Ndogo na Mashimoni. Ndugu alishuka upande huo na furushi lake begani.

Simu ya Musimbi ililia. Alikuwa Eugene.

"Madam, nasikia mmechukua gari. Nani amewaruhusu kuchoma mafuta?"

"Eugene, mashine yako ni nzima. Kidole ndicho kilikuwa cha mtu mwingine. Mwenye kidole anatembea Kibera na hajui. Sasa uniulize tena habari ya mafuta."

Simu ikasema kwa sauti ndogo, "Mwanzia awashe king'ora?"

"Hapana. Tukiingia na king'ora, kila fundi atajificha chini ya meza."

Waliegesha mahali njia iliposhindwa kuwa njia, wakashuka kwa miguu, Sabah amebeba mashine. Kisumu Ndogo ilikuwa na harufu ya samaki wa omena na ya kuni, na kutoka kwenye kanisa la mabati mtu alikuwa akijaribu spika, moja, mbili, moja, mbili, bila kufika tatu. Muuza omena aliwaelekeza kwa fundi wa miavuli kwa kutumia kidevu.

Fundi huyo aliitwa Ishmael. Alikuwa na kibanda chenye bango, na miavuli iliyotundikwa kichwa chini kama popo. Alikuwa na plasta kidoleni.

Sabah alimshika Musimbi mkono. Musimbi alikohoa.

"Sasa, fundi. Kidole kimefanya nini?"

"Nimejikata," alisema Ishmael akiuficha mkono. "Nyinyi ni wa kaunti?"

"Tuonyeshe plasta."

"Nina leseni ya kibanda."

"Hatutaki leseni. Tunataka plasta."

Ishmael, akiwa ameshangaa kuliko kuogopa, aliunyosha mkono. Plasta ilikuwa ya rangi ya ngozi, kavu, isiyo na mnyama yeyote. Hata hivyo Sabah alimshika kifundo akahesabu mapigo.

"Unasikia kiungulia?"

"Mimi? Mimi nakula mawe." Alivuta mkono wake. "Kwani mnatafuta nani?"

"Fundi wa miavuli aliyetoka Kawangware jana."

Uso wa Ishmael ulijaa nuru ya mtu aliyesikia adui yake amepatikana. "Ndululu! Nilijua tu siku moja mtakuja. Yule si fundi, yule ni muuaji wa miavuli. Anazunguka mitaa ya watu anachukua kazi, hata kibanda hana. Anafunga mbavu kwa uzi wa kiatu! Amefanya nini? Ameua mtu?"

"Anakaa wapi?"

"Mashimoni, hapo karibu na kioski cha maji. Mkimfunga, mniachie zile koleo zake ndogo. Ni zangu."

*

Kioski cha maji kilikuwa na foleni ya madumu ya manjano yaliyopangwa vizuri kuliko watu wenyewe. Muuza maji, mama wa Kinubi aitwaye Mabrouka, alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya bomba, chini ya mwavuli mkubwa mweusi wa kujikinga na jua. Hatua chache kutoka hapo, kwenye gunia lililotandazwa mlangoni mwa nyumba, aliketi mwanamume mwembamba mwenye mvi kidogo, amezungukwa na mifupa ya miavuli. Mkono wa kulia ulishika koleo. Mkono wa kushoto ulikuwa ukisugua kifua, pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Na kwenye kidole cha mkono huo, akiwa amechafuka lakini shingo yake bado ndefu, alikuwepo twiga.

"Ndululu!" aliita Musimbi.

Ndululu aliinua kichwa. Aliona yunifomu ya buluu. Aliona viatu vya Musimbi, ambavyo bado vilikuwa vya polisi. Aliweka koleo chini, akasimama, akaanza kutembea kupanda kilima kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Ngoja kaka!" alisema Sabah. "Usikimbie!"

Ndululu aliongeza mwendo.

"Usikimbie! Ukikimbia utakufa!"

Sabah alisema hivyo kwa nia njema kabisa, kama mtaalamu, lakini kwa masikio ya mtu anayefukuzwa ilikuwa lugha ya bunduki. Ndululu alianza kukimbia. Kandambili moja ikabaki nyuma. Watu wa foleni walipiga mbinja, wengine wakamshangilia yeye, wengine wakawashangilia wafukuzaji, na kijana mmoja akasema, "Buda, kata kona!"

"Msimkimbize!" alipiga kelele Sabah. "Hakuna mtu kumkimbiza! Moyo wake!"

Musimbi hangeweza kumkimbiza hata kwa amri ya mahakama. Alitazama kilima, akatazama magoti yake, akatazama kulia. Kisha, bila kuomba ruhusa, aliung'oa mwavuli wa Mabrouka kutoka mkononi mwake, akauinua juu na kuupiga kwenye goti. Mlio ulisikika mpaka ng'ambo ya mtaro.

"Wewe mwanamke!" Mabrouka aliruka. "Una wazimu?"

"Fundi!" Musimbi alipaza sauti ya uwanja wa gwaride. "Nani fundi hapa? Mwavuli umevunjika!"

Juu ya kilima, miguu ya Ndululu ilipunguza mwendo. Ikasimama. Mgongo wake ulikaa hivyo kwa muda, ukibishana na nafsi yake. Halafu aligeuka.

"Umevunjika wapi?"

"Mbavu! Mbavu mbili!"

"Mbili?" Ndululu alitikisa kichwa kwa huruma. "Huo mlio ni wa mbavu tatu, mathe. Usiuvutevute! Utararua kitambaa!"

Akaanza kushuka. Alishuka akipumua kwa mdomo, jasho likimtiririka ingawa upepo ulikuwa wa baridi, na alipofika hakumtazama Musimbi wala Sabah. Aliupokea mwavuli kwa mikono miwili.

"Tatu," alisema. "Si nilisema?"

"Ulisema," Musimbi alikubali. "Keti hapa kwa dumu, uukague vizuri. Pole pole. Hakuna haraka."

Ndululu aliketi. Ndipo alipoinua macho. "Madam, mimi sikuiba lifti. Kiti kilikuwa wazi. Nilikuwa nimezunguka Kawangware kwa miguu nikasikia nimechoka vibaya, miguu haitaki, na gari hili hapa linaondoka kwenda njia ya kwetu. Nikasema, acha niwe ndugu kidogo. Lakini maombi niliyafanya kweli. Yule mzee amekufa?"

"Yule mzee ni mzima kama kigogo. Kiungulia chako kikoje?"

"Ah. Hakijaisha. Kimepanda mpaka kwa taya." Alijaribu kucheka. "Na huu mkono umekuwa mzito, nafikiri ni vile uliazimwa."

"Kiungulia gani kinauma taya, kaka?" alisema Sabah. Alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, ametoa mkasi, akikata utepe wa Eugene kutoka kwenye mashine. "Nipe kidole. Kile kile cha twiga. Na leo nataka kuona mwenyewe mkono umeshikana na bega la nani."

Foleni yote ya maji iliacha maji. Sabah alitoboa, akakamua, akaweka tone. Mabrouka, aliyekuwa bado anadai mwavuli wake kwa lugha mbili, alinyamaza. Mashine ilifikiri. Mtu mmoja aliuliza kama inapima pia malaria, akaambiwa anyamaze na watu wote kwa pamoja.

Mashine ililia.

Sabah alisoma, akamwonyesha Musimbi. "Juu kuliko jana," alisema kwa sauti ya chini. Kisha kwa sauti ya kawaida kabisa, yenye tabasamu: "Ndululu, kaka yangu, leo wewe ndiye mgonjwa. Hutatembea. Hutasimama. Hata huo mwavuli hutabeba."

"Lakini kazi ya mathe..."

"Nitangoja," alisema Mabrouka haraka. "Wallahi nitangoja. Nenda."

Vijana wanne wa foleni walimbeba Ndululu akiwa ameketi juu ya dumu lake, kama chifu, mpaka kwenye gari. Safari hii Mwanzia hakuulizwa. Aliwasha king'ora kabla mlango haujafungwa, na Sabah alikuwa tayari kwenye simu, akiwaambia madaktari wa moyo wavae glavu.

"Na mhakikishe huyu ni mgonjwa kweli," ilisikika sauti ya daktari mkubwa.

"Daktari," alisema Sabah, akitazama mshipa wa shingo ya Ndululu, "nimekishika kidole chake mwenyewe. Sijakiachilia tangu Mashimoni."

*

Mke wa Ndululu, Ngina, alifika alasiri na aproni ya kazi bado kiunoni. Alikuwa anafulia watu nguo mitaa ya juu, na majirani walimpigia simu wakiwa watatu kwa mara moja, kila mmoja na hadithi yake, kwa hivyo alifika akiamini mumewe amepigwa risasi na polisi kwa kuvunja mwavuli wa Mabrouka. Musimbi alimketisha kwenye benchi nje ya mlango wenye taa nyekundu na kumweleza kweli yote kwa mpangilio.

Ngina alisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu Ijumaa alikuwa anasema kifua," alisema. "Nikampa tangawizi. Nikamwambia, ni yale maharagwe unakula usiku kama mwizi. Nilimcheka." Alishika upindo wa aproni, akaukunja, akaukunjua. "Madam, nilimcheka."

"Hata mhudumu wa ambulensi alimwambia ni maharagwe."

"Yeye si bibi yake."

Musimbi alijua namna ya kuhoji watu wanaodanganya. Kwa mtu anayesema kweli hakuwa na swali lolote. Alikwenda mpaka kwenye kibanda cha getini, akanunua chai mbili na mandazi, akarudi, akaweka vyote kwenye benchi katikati yao. Ngina alisema hawezi kula. Kisha akala andazi lake, halafu la Musimbi.

Eugene alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza. Mara ya pili kusema mashine zinabaki kwenye magari yote, na Sabah anabaki kazini, na kwamba yeye binafsi alikuwa na imani tangu mwanzo. Musimbi alimwambia akanunue plasta za watu wazima, akakata.

Taa nyekundu ilizimika. Daktari mkubwa alitoka, mtu mfupi kuliko sauti yake. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba karibu wote, alisema, umebaki uwazi kama uzi. Wameufungua. Angechelewa mpaka kesho, wangezungumza habari nyingine. Alisema mgonjwa ameamka na anaulizia koleo zake.

"Naweza kumwona?" aliuliza Ngina.

"Dakika chache. Asishtuliwe. Umwongeleshe kwa upole."

"Kwa upole," alikubali Ngina, akapangusa makombo, akafunga aproni vizuri, akaingia.

Musimbi alibaki kwenye benchi akinyosha miguu. Alisikia kiti kikivutwa ndani. Halafu sauti ya Ngina ilianza, chini kwanza, kisha ikapanda kama maji kwenye ndoo: wewe mwanamume, unapanda gari la wagonjwa bila kusema wewe ndiye mgonjwa, unaombea landlord wa watu na moyo wako unaoza, unampa mtu kidole chako, kwani mimi nilikunyima nini, ungekufa kwa kidole cha kuazima ningewaambia nini watu wa kwenu. Muuguzi wa zamu alitoka mbio kuelekea mlangoni.

"Ngoja kidogo," Musimbi alimwambia.

"Daktari alisema upole!"

"Ngoja tu."

Muuguzi alisimama, mkono kwenye kitasa. Ndani, Ngina alivuta pumzi. Na katika nafasi hiyo, dhaifu, ya mtu aliyelala chali na mabomba puani, lakini bila shaka yoyote, sauti ya Ndululu ilianza kujitetea.

Musimbi alisikiliza mpaka akahakikisha kwamba mgonjwa ana nguvu za kubishana. Kisha aliinuka, goti moja baada ya lingine, akaokota vikombe na kwenda zake.